Pumzika, Mzee: kisa cha mgonjwa aliyelala siku nne baada ya kupasuliwa tumbo

Kisa hiki kilitokea katika hospitali moja ya rufaa, ukanda wa pwani ya Tanzania. Mgonjwa na kijana aliyekuwa akimuuguza waliridhia kisimuliwe. Umri, kazi na siku nimevigeuza kidogo, na jina nimeliacha. Humu ataitwa Mzee. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yule ambaye wodini wanamwita "daktari wa mazoezi". Makosa mengi yaliyomo humu ni yangu.

## Hali aliyokuja nayo

Mzee ni mkulima wa miaka sitini na kitu. Alivuta sigara tangu ujana na kuacha miaka michache tu iliyopita. Hana kisukari, wala hajawahi kulazwa. Tumbo lilianza kujaa siku tatu kabla ya kufika kwetu. Hakupata choo wala kutoa upepo. Nyumbani alipewa dawa za kienyeji, kisha zahanati ikampa dawa ya kulainisha choo. Alipofika, tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma.

Utumbo mpana ulikuwa umejisokota, na kipande chake kimekufa. Daktari wa upasuaji alikikata, akatoa ncha ya utumbo ubavuni upande wa kushoto ili kinyesi kitokee kwenye mfuko kwa miezi kadhaa, hadi siku ya kuunganishwa tena. Mzee alitoka chumba cha upasuaji saa 8 usiku wa kuamkia Alhamisi akiwa na mshono mrefu katikati ya tumbo, mpira wa puani, mpira wa mkojo, dripu mkononi na ule mfuko.

Wodi ya upasuaji wanaume ina vitanda 28. Wataalamu wa mazoezi tulikuwa wawili kwa hospitali nzima, na Jumamosi na Jumapili hatukuwepo.

## Ijumaa hadi Jumapili

Ijumaa asubuhi, kwenye raundi, daktari alifunua shuka, akatazama kidonda, akaridhika. Akamwekea Mzee mkono begani: "Pole sana mzee. Pumzika." Lilikuwa neno la upendo. Kila mtu aliyepita pale kitandani siku ile alilirudia: nesi wa asubuhi, mhudumu aliyefagia, jamaa waliokuja baada ya swala ya Ijumaa na kukizunguka kitanda. Pole mzee, pumzika.

Mimi nilifika saa 5 asubuhi. Nikamwamkia, nikajitambulisha, nikasema: "Mzee, leo tufanye mazoezi kidogo."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa mzaha msibani. "Mazoezi? Mwanangu, mimi nimepasuliwa."

Kijana wake mdogo, aliyekuwa akimuuguza, akaongeza kwa adabu: "Daktari amesema apumzike. Na mshono bado mbichi, unaweza kufumuka."

Nikaeleza kwa haraka habari ya mapafu na damu kuganda miguuni. Nikamfundisha kuvuta pumzi ndefu. Akavuta mbili, akakunja uso, akaacha. Nilikuwa na wagonjwa wengine kumi na mmoja siku hiyo. Nikaandika kwenye faili: "Mgonjwa amekataa mazoezi. Ameelimishwa." Nikaenda zangu.

Dawa ya maumivu ilikuwa imeandikwa itolewe "akihitaji". Mzee hakuomba. Wazee wa rika lake hawaombi, akiulizwa "unaendeleaje?" hujibu "Alhamdulillahi" hata kama jasho linamtoka. Wauguzi wakamwona mgonjwa mtulivu. Jumamosi usiku mmoja wao aliandika: "Amepumzika vizuri." Jumapili hivyo hivyo.

## Jumatatu

Jumatatu asubuhi joto lilikuwa 38.7, pumzi 28 kwa dakika, na kiwango cha oksijeni kwenye damu asilimia 88 bila msaada wa mashine. Hofu ya kwanza ya daktari ilikuwa tumboni, kwamba huenda usaha umekusanyika. Lakini tumbo lilikuwa laini, na mfuko ulishaanza kupata upepo na choo chepesi. Kifuani, chini upande wa kulia, sauti ilikuwa mbaya, na eksirei ikaonyesha weupe mahali palepale. Alikuwa na nimonia. Akaanzishiwa antibiotiki na oksijeni.

Nikafungua faili. Mistari miwili ilikuwa imefuatana: "amekataa mazoezi", kisha "amepumzika vizuri". Niliisoma mara mbili. Mtu alikuwa amelala chali siku nne bila kukohoa sawasawa, na sisi tuliokuwa tukimtazama tulikuwa tumeliandika jambo hilo kama habari njema.

## Tulichobadilisha, na sababu zake

Tulikaa watu watatu, daktari, nesi msimamizi wa wodi na mimi, tukiwa tumesimama kando ya meza ya dawa. Hakikuwa kikao rasmi.

Tulianza na maumivu. Mtu ambaye akikohoa anahisi tumbo linapasuka hatakohoa, umweleze utakavyo. Daktari akaandika paracetamol kila baada ya saa 6, aombe asiombe, na dawa kali kidogo nusu saa kabla ya kuinuliwa. Hiyo nusu saa ndiyo iliyokuwa ngumu, kwa sababu ilinilazimu kusema nitafika saa ngapi na kufika saa hiyohiyo. Nesi akampa dawa saa 5:30. Saa 6 nilikuwa kitandani.

Kisha tukapunguza kamba. Mpira wa puani ulishatoka. Mpira wa mkojo haukuwa na kazi tena tangu Jumamosi, ila hakuna aliyeuliza. Ukatolewa. Alikuwa anakunywa vizuri, hivyo dripu ikasimamishwa na kanula, kile kibomba kidogo cha mshipani, ikafungwa. Sindano zikabaki kwa saa zake. Mtu aliyefungwa kitandani kwa mipira mitatu haelewi unapomwambia atembee. Mipira yenyewe inamwambia kinyume.

Baada ya hapo nikavuta kiti, nikakaa, jambo ambalo Ijumaa sikulifanya. Sikumuuliza kwa nini hataki. Nilimuuliza: "Mzee, ukifikiria kuinuka hapa, kitu gani kinakusumbua kwanza?"

Akamtuma kijana akachote maji. Kijana alipotoka, Mzee akashusha sauti. Alisema mfuko unavuja. Ijumaa alfajiri alijaribu kukaa mwenyewe, choo kikampitia ubavuni hadi kwenye shuka. Kwa kulala chali bila kutikisika hakivuji. Na kila jioni mkwewe, mke wa mtoto wake mkubwa, ndiye anayeleta uji. "Anikute nanuka, mwanangu? Mbele ya mkwe?"

Basi. Mshono haukuwa tatizo lake kubwa, wala mapafu niliyokuwa nimeyahubiri hayakuwa. Alikuwa analinda heshima yake kwa njia pekee aliyokuwa nayo.

Nesi msimamizi akautazama mfuko. Tundu lake lilikatwa kubwa mno, kwa hiyo gundi haikushika vizuri kuzunguka utumbo. Akakata jingine kwa kipimo, akakausha ngozi kwanza, akabandika na kuushikilia kwa kiganja dakika chache ili gundi ipate joto. Kijana akaleta kanga mbili: moja ya kufunga juu ya mfuko, pana, isiyobana, nyingine tukaikunja iwe kama mto mdogo wa kukumbatia juu ya mshono wakati wa kukohoa. Mzee akavaa msuli wake mwenyewe badala ya shuka la hospitali. Muda wa kumwinua tukauweka kabla ya saa za kutazama wagonjwa.

Kuinuka kwenyewe ndiko wengi wanakokosea, kwa hiyo nikuonyeshe tulivyofanya. Mtu mwenye mshono wa tumbo asivutwe mikono akiwa chali. Hapo misuli ya tumbo ndiyo inayobeba mwili wote, na maumivu yake yatamfanya asikuamini tena. Akunje magoti kwanza. Ageuke kwa ubavu mzima, bega na nyonga pamoja, kama gogo linaloviringishwa. Mzee aligeukia kulia, mbali na mfuko. Miguu ishuke nje ya kitanda. Uzito wa miguu unaposhuka, yeye anasukuma godoro kwa kiwiko cha chini na kiganja cha juu, na kiwiliwili kinapanda chenyewe. Anayesaidia anaweka mkono nyuma ya bega tu. Ilimchukua Mzee kama dakika mbili. Alipokaa, miguu ikining'inia, akavuta pumzi, akakumbatia ile kanga, akakohoa. Kohozi zito la njano likatoka. Kijana akalipokea kwenye kopo na uso wake ukabadilika. Nadhani hapo ndipo alipoacha kuniona kama mtu wa kumtesa baba yake.

Jambo la mwisho hatukulibuni sisi. Nilikuwa natafuta namna ya kumfanya akae mara kadhaa kwa siku bila mimi kuwepo, nikataja "kila baada ya saa tatu". Mzee hana saa. Akaniambia kuwa tangu apasuliwe anaswali kwa ishara, kichwa juu ya mto. Anajua mgonjwa ana ruhusa, lakini roho haijatulia. Msikiti uko ng'ambo ya ukuta wa hospitali. "Basi niwe nakaa kila adhana," akasema. "Naswali nimekaa, halafu navuta hizo pumzi zako."

Nikahesabu: mara tano kwa siku, kuanzia alfajiri hadi usiku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, na mkumbushaji hachelewi. Sijawahi kupanga ratiba nzuri kama hiyo.

## Namna mambo yalivyokwenda

Jumanne tulijaribu kusimama. Akainuka, akapiga hatua mbili, akasema "naona giza". Tukamketisha. Shinikizo la damu lililokuwa 130 kwa 80 akiwa amelala lilishuka hadi 96 kwa 60. Kijana akanitazama bila kusema neno, hakuhitaji kusema. Kosa lilikuwa haraka yangu. Aliyelala siku nne mishipa yake imesahau kazi ya kupandisha damu kichwani. Alasiri tukarudia: maji glasi moja kwanza, dakika tano miguu ikining'inia, vifundo vya miguu vikikunjwa na kukunjuliwa mara ishirini, ndipo kusimama. Hakupata kizunguzungu. Akaenda hadi mwisho wa kitanda, upande wa miguuni, na kurudi.

Jumatano alifika mlangoni, hatua kumi na nne. Alhamisi alikaa varandani, na oksijeni ilikuwa asilimia 95 bila mashine. Fundi ujenzi wa kitanda cha pili, Mkristo, aliyepasuliwa ngiri, akaanza naye kuinuka kila adhana ya alasiri. "Na mimi nipo na hiyo ya saa kumi," aliniambia.

Mzee aliruhusiwa Jumatatu ya pili, siku ya kumi na moja. Aliweza kuinuka kwenye kiti mara tano mfululizo bila kujisukuma kwa mikono. Mshono ulikuwa mkavu.

Kisha akaenda nyumbani, na nyumbani tukarudi nyuma. Tulipomuaga tulimwambia asibebe kitu kizito kwa wiki sita. Familia ilisikia asifanye kitu. Alipokuja kliniki baada ya wiki tatu, hakuweza kuinuka kwenye kiti hata mara moja bila kushika mapaja. Kijana akaeleza kwa fahari namna wanavyomtunza: maji ya kunawa anapelekewa kitandani, chakula kitandani, wageni wanaingia chumbani. Hata kufuata fimbo yake haruhusiwi.

Safari hii nilizungumza na familia kwanza. Nikauliza nani nyumbani ndiye wa kauli. Alikuwa dada yake mkubwa, ambaye naye alikuja kliniki, akakaa kimya kwenye benchi muda wote. Nikamwambia: "Shangazi, ndoo asiguse. Jembe asiguse. Lakini maji ya kunawa ayafuate uani mwenyewe, na wageni awapokee barazani." Akaitikia, akamgeukia kaka yake: "Umesikia?" Ilitosha. Wiki ya nane alikuwa anatembea hadi shambani kwake na kurudi, mikono mitupu, kukagua kazi ya wengine na, kwa maelezo ya kijana, kuilaumu.

## Uchambuzi

Niseme kwanza nisichoweza kudai. Siwezi kudai kuwa Mzee asingepata nimonia kama angeinuliwa Ijumaa. Alikuwa mvutaji wa miaka mingi, amefika kachelewa, amepasuliwa kwa dharura tena tumbo la juu hadi chini. Hatari yake ilikuwa kubwa tangu mlangoni. Ninachodai ni kuwa tulimwongezea.

Nusu kaputi hupunguza hewa inayobaki kwenye mapafu, na kulala chali husukuma viungo vya tumbo juu dhidi ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Sehemu za chini za mapafu husinyaa, makohozi hutuama, na mwenye maumivu hakohoi. Kukaa wima peke yake kunarudisha sehemu ya hewa hiyo kabla hujamfundisha mtu chochote. Miguuni nako, misuli ya nyuma ya mguu, chini ya goti, ndiyo pampu inayorudisha damu juu. Ikilala, damu inatuama, na damu iliyotuama huganda kirahisi. Misuli yenyewe huyeyuka upesi kuliko watu wanavyodhani. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa.

Hoja ya mshono kufumuka inastahili jibu la heshima, maana si ujinga. Kidonda kikubwa cha tumbo kweli hufumuka mara nyingine. Lakini kinachokifumua ni usaha, lishe duni, ufungaji hafifu wa ile tabaka ngumu ya ndani, na kikohozi kikali cha nimonia. Kutembea polepole hakumo. Kwa maneno mengine, katika kuulinda mshono tulimkaribishia kikohozi. Kuna jambo moja ambalo sisi watu wa mazoezi hulitia chumvi: kwamba kutembea hufungua tumbo. Wagonjwa wanalipenda, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Nimeacha kulitumia kama ahadi.

Kuinua wagonjwa mapema si mtindo wa juzi. Hadi miaka ya 1930 aliyepasuliwa tumbo aliweza kuwekwa kitandani wiki mbili au zaidi. Vita Kuu ya Pili, kwa uhaba wake wa vitanda na wauguzi, iliwalazimisha wengi kuinuka mapema, na ikaonekana hawadhuriki. Miaka ya 1990 Henrik Kehlet, daktari wa upasuaji wa Denmark, aliunganisha kuinuka mapema na kutuliza maumivu vizuri, kula mapema na kuondoa mipira mapema. Nasisitiza neno kuunganisha. Ijumaa ile mimi nilijaribu kipande kimoja cha mpango huo peke yake, kwa mgonjwa mwenye maumivu na mipira mitatu, kisha nikamwandika kuwa ndiye aliyekataa.

"Amekataa" ndilo neno ninalolilaumu kuliko yote. Linafunga faili. Likishaandikwa, anayefuata haulizi tena, kwa sababu mgonjwa ameshatoa hukumu. Tungeandika alichokuwa anaogopa, nesi wa Jumamosi angekuwa na la kufanya: kubadili mfuko ni kazi yake na anaiweza. Siku hizi wodini kwetu tumekubaliana kwamba neno hilo halikamiliki bila "kwa sababu", na sababu iwe kwa maneno ya mgonjwa.

"Pumzika" ni gumu zaidi, kwa kuwa sitaki kuliondoa mdomoni mwa watu. Kwetu mgonjwa huambiwa pole, na kupumzishwa ni haki yake. Anayemwinua mzee aliyepasuliwa huonekana hana huruma. Daktari wetu hakubishana na desturi hiyo. Alianza kusema kwenye raundi, mbele ya ndugu na kwa sauti: "Pole mzee. Mchana ukae, usiku upumzike." Sekunde tatu. Lina nguvu kuliko dakika zangu kumi za elimu, kwa kuwa limetoka kwa aliyeshika kisu. Na neno "mazoezi" nimelipunguza mimi mwenyewe. Kwa mkulima mazoezi ni mambo ya wanafunzi na wacheza mpira. Nasema kukaa, kwenda kunawa, kufika barazani.

Mpango wa adhana nisingependa unakiliwe kama dawa. Ulifanya kazi kwa sababu ulitoka kwake na ulikuwa na maana kwake kabla hatujaupa maana yetu. Mama mmoja wa wodi ya jirani alitumia taarifa ya habari ya redio. Mwingine hakutaka kitu cha aina hiyo kabisa. Alitaka simu ya binti yake, na alikuwa akiipokea amesimama dirishani.

Kulikosekana pia mambo ambayo hakuna maneno yatakayoyatatua. Mwisho wa wiki bado hatuna mtaalamu. Mifuko ya kinyesi ya saizi sahihi huisha, na familia hununua nje. Kijana wa Mzee aliweza kukaa hospitali siku kumi na moja kwa kuwa hakuwa na ajira. Mgonjwa asiye na mtu wa kumshika bega angehitaji nesi wa kufanya hivyo mara tano, na nesi wa usiku wodini ni mmoja.

## Mara ya pili

Baada ya miezi mitano hivi Mzee alirudi kuunganishwa utumbo. Alipasuliwa Alhamisi, kwa bahati tu. Ijumaa saa 4 nilimkuta ameshakaa ukingoni, msuli umefungwa, kanga imekunjwa mapajani. Nilimwona mara moja, kisha nikaenda likizo yangu ya siku mbili kama kawaida.

Jumatatu kijana alinipa boksi tupu la dawa. Nyuma yake alikuwa amechora vistari kwa kalamu: Jumamosi vitano, Jumapili vinne.

"Hiki kilichokosekana?"

"Magharibi," akasema. "Shemeji alikuwa amekuja na uji."